"Breki zilifeli" si jibu, Mhariri

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Barua ni ndefu, najua. Ukilazimika kuikata, kata salamu, usikate pale ninapoeleza habari ya nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki.

Hivi karibuni mlichapisha barua ya msomaji wa Morogoro aliyelalamikia spea feki. Alisema gari lake lilibadilishiwa pedi, diski za mbele na masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedeli), na kesho yake pedeli ya breki ikawa inazama mpaka karibu na kapeti. Akahitimisha kwamba ameuziwa takataka, akataka duka lifungwe. Nampa pole, lakini sikubaliani naye.

Simtetei muuza spea. Feki zipo, na nyingine nimewahi kuzikata kwa msumeno nikashangaa kilichomo. Lakini kila spea mbovu ina namna yake ya kukusaliti. Pedi feki zinapiga kelele, zinatafuna diski, zikipata moto zinateleza. Pedeli inabaki juu, ngumu, ila gari ndilo linalokataa kusimama. Pedeli inayozama mara tu gari lilipotoka gereji mara nyingi haikuja na boksi la spea. Ilikuja na mikono iliyozifunga. Naandika hivyo nikijua mafundi wenzangu wataninunia.

Mimi ni fundi wa breki, nipo Ilula, mkoani Iringa. Anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam ananipita kabla hajaanza kuteremka mlima Kitonga. Watu husimama hapa kununua nyanya na vitunguu, na wakiwa wanasubiri ndoo ijazwe ndipo wanapokumbuka kwamba tangu asubuhi pedeli "haipo sawa". Mahali pengine unaweza kuishi na pedeli laini miezi kadhaa, kwa sababu barabara ni tambarare na unakanyaga kidogo kidogo. Kitonga haina subira hiyo. Kona zimejikunja juu ya korongo, malori yamepangana mbele yako, moja limezimika katikati ya njia, na mguu wako upo kwenye breki karibu muda wote mpaka uone mibuyu ya Ruaha.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Magazeti yetu, lako likiwemo, yana sentensi moja ambayo nimeizoea kama salamu: "Chanzo cha ajali kinadaiwa kuwa ni gari kufeli breki." Baada ya hapo ni majina ya marehemu, hospitali walikopelekwa majeruhi, na habari imekwisha. Mhariri, breki kufeli ndiyo ajali yenyewe, au nusu yake. Chanzo kiko nyuma zaidi. Breki hizo zilifunguliwa lini mara ya mwisho? Zilibadilishwa nini? Aliyezifunga alizijaribu wapi, na dereva aliambiwa nini alipokabidhiwa funguo? Mwandishi wako angeuliza hayo, nina hakika mara kadhaa angepata jibu hili: gari lilikuwa gereji wiki hiyohiyo.

Niseme mapema kwamba siongelei malori na mabasi makubwa. Hayo yanasimamishwa kwa upepo, yana matenki yake na kompresa yake, na ubovu wake unataka barua nyingine. Naongelea Noah, IST, Hiace, Land Cruiser, pikapu za kubebea nyanya. Magari yanayosimamishwa kwa oili. Upepo uleule unaosimamisha semitrela ndio unaoua Noah.

Ndani ya paipu za breki kuna oili, na oili haibanwi. Ukiisukuma huku inasukuma kule, nguvu ya mguu inafika kwenye tairi. Upepo unabanwa. Mguu ukikuta upepo ndani ya paipu, unaanza kwanza kuubana huo upepo, na pedeli inamaliza safari yake kabla pedi hazijaiminya diski sawasawa. Ni kama kusukuma gari lililozimika huku umeweka godoro katikati ya mikono yako na buti. Kila fundi anayefungua paipu, kalipa (kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski) au masta silinda anaingiza upepo. Hakuna ujanja wa kuukwepa. Kuuingiza si dhambi. Dhambi ni kumrudishia mtu gari lake ungali humo.

Nikupe mfano mmoja, kwa sababu huo ndio ulionifundisha kutowaamini watu wanaosema "nimetoa upepo mpaka ukaisha".

Alikuja mwalimu mmoja wa sekondari na Noah, ndani wamejaa ndugu, wanaelekea msibani. Gari lilikuwa limetoka gereji moja, sitaitaja, ambako lilifungwa kalipa mbili za mbele, zile used zinazotoka Japani. Akashuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Gari lina nini?"

"Breki zinashika, ila mpaka nikanyage mara mbili. Fundi alisema nisiwe na wasiwasi, litakaza lenyewe likitembea."

"Na limekaza?"

"Ndiyo kwanza linazidi."

Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikakanyaga. Pedeli ikashuka ikiwa laini, ikanirudisha juu kidogo kama inadunda. Nikakanyaga harakaharaka, ikapanda. Nikaachia, nikangoja, nikakanyaga tena: imerudi kulekule chini. Huo ni upepo. Nikamuuliza kama huyo fundi alitoa upepo. Mwalimu akasema alimwona kwa macho yake, kijana mmoja anapampu ndani, fundi yuko chini, na walimaliza chupa mbili za oili.

Sikugusa kopo la oili wala chupa. Nilivua tairi la mbele kushoto, nikaangalia kalipa. Nipeli ya kutolea upepo ilikuwa inaangalia chini.

Hapa ndipo naomba usikate, Mhariri. Nipeli imewekwa na aliyetengeneza gari sehemu ya juu ya kalipa, kwa sababu upepo hupanda juu ya oili. Kalipa ya kulia na ya kushoto zinafanana, na kwenye magari mengi matundu ya bolti yanakubaliana, kwa hiyo fundi akizibadilishana bila kuangalia zinaingia vizuri tu, hazilalamiki. Tofauti ni kwamba nipeli sasa iko chini. Ukiifungua inatoka oili safi, haina hata povu moja, na fundi anaapa kwa Mungu kwamba upepo umekwisha. Hakusema uongo, hicho ndicho alichokiona. Upepo umekaa juu ya pistoni, umetulia, unamtazama akimwaga oili. Unaweza kupitisha dumu zima pale na usiutoe.

Nikabadilishana kalipa, ya kulia ikaenda kulia na ya kushoto kushoto, tukatoa upepo magurudumu yote. Mwalimu alikanyaga pedeli, akanitazama, akakanyaga tena. Wakaenda kuzika. Kalipa zile hazikuwa na kasoro yoyote, na ninajua kabisa kwamba wangeserereka Kitonga, watu wangesema spea za mtumba zimewaua.

Nasisitiza kisa hiki kwa sababu si lazima uwe fundi ili ukigundue. Magari mengi ukichungulia katikati ya rimu unaiona kalipa. Tafuta kinipeli chenye kofia ndogo ya mpira, mara nyingi kiko upande wa ndani, nyuma ya diski. Kiko juu, vizuri. Kiko chini, muulize fundi kabla hujawasha gari.

Namna yenyewe ya kutoa upepo nayo inaharibiwa kwa haraka. Mnaijua sauti yake, kila gereji inasikika: "Pampu! Shika! ... Achia!" Anayepampu akishika, fundi anafungua nipeli, oili na mapovu vinatoka, anafunga nipeli *kwanza*, ndipo anaita "achia". Akichelewa kufunga, mguu ukiinuka pedeli inavuta upepo kurudi ndani, na mnaanza upya bila kujua. Kopo la oili lililo juu ya masta nalo likikaushwa katikati ya kazi, masta inameza upepo, na kazi yote imerudi sifuri. Nimeona pia mtu anakinga oili iliyotoka, yenye povu jeupe, anairudisha kwenye kopo ili kubana matumizi. Halafu anashangaa.

Kuhusu utaratibu wa magurudumu: magari yetu yana usukani kulia, na kwa mengi masta silinda imekaa upande huohuo wa dereva. Tairi la mbali kabisa na masta ni la nyuma kushoto. Unaanzia hapo, unakuja nyuma kulia, mbele kushoto, unamalizia mbele kulia. Vijana wanaangalia video za Marekani kwenye simu, huko usukani uko kushoto, wanaanzia nyuma kulia kama walivyoona. Haliharibiki jambo kubwa, wanamaliza tu chupa za mteja. Ila yapo magari ambayo paipu zake zimepishana, tairi la mbele la upande mmoja liko pamoja na la nyuma la upande wa pili, na hayo yana utaratibu wake kwenye kitabu. Kuna na Hiace na pikapu zenye valvu ya mzigo, inayopima breki za nyuma kulingana na uzito, kule nyuma karibu na eksile. Kwenye baadhi yake valvu ile ina nipeli yake, na asiyeijua anaiacha na upepo wake. Gari lenye ABS, yaani mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, upepo ukiingia kwenye pampu ya ABS, kijana na miguu yake hawatoshi; inatakiwa mashine ya kompyuta iifungue pampu. Asiye nayo aseme hana.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa Morogoro. Yeye alibadilishiwa masta silinda. Sikuliona gari lake, lakini ningekuwa mimi ningeanzia hapo. Masta mpya ikitoka kwenye boksi imejaa upepo. Unaibana kwenye vaisi mezani, unaijaza oili, unaisukuma pistoni polepole kwa bisibisi, paipu mbili ndogo zikirudisha oili kwenye kopo lake, mpaka mapovu yaishe. Ndipo unaifunga kwenye gari. Kazi hiyo haimalizi hata muda wa kunywa chai, lakini wengi wanairuka, wanategemea kuutoa upepo wote kupitia matairi, na masta ikiwa imelala mshazari kuna kona ya upepo inayobaki humo. Msomaji huyo angemwomba fundi ailegeze paipu palepale kwenye masta, mtu akikanyaga taratibu, aone kama yatatoka mapovu, kabla ya kwenda kugombana dukani.

Kuna kisa kingine kinachofanana nacho lakini chanzo ni kingine. Gari lina masta ya zamani, limefungwa kalipa mpya, na kijana wa kupampu anakanyaga kwa nguvu mpaka pedeli inagonga bodi. Miaka yote raba za masta zilikuwa zinatembea sehemu fupi tu, mbele yake kuna kutu na uchafu. Siku hiyo zinasukumwa mpaka huko, zinachanika. Gari liliingia na masta nzima, linatoka na masta mbovu. Dalili yake ni tofauti na ya upepo: unakanyaga, pedeli inasimama vizuri, ukiendelea kushikilia inaanza kuzama pole pole na hakuna tone linalovuja popote. Oili inapita pembeni ya raba. Mimi huweka kipande cha mbao chini ya pedeli kabla sijamwita mtu yeyote apampu. Wateja wananicheka. Waache wacheke.

Na kuna pedeli ya tatu, isiyo laini wala haizami, ila iko chini tu. Ukipampu mara mbili inapanda na kuwa ngumu kama jiwe. Hiyo hutokea sana baada ya kubadilisha breki shuu za nyuma, zile zinazosukuma dramu kwa ndani, bila kuziseti. Ziko mbali na dramu, zinasafiri mno kabla ya kugusa. Mtihani wake ni mwepesi: vuta hendibreki meno machache, kanyaga. Pedeli ikiwa juu kuliko mwanzo, fundi arudi nyuma akaseti shuu. Nashangaa watu wanavyonunua masta mpya kwa ugonjwa huu.

Aliyebadilisha pedi peke yake, bila kufungua paipu yoyote, hatarajiwi kuwa na upepo. Pedeli yake ikianguka mara ya kwanza, ni kwa sababu pistoni zilirudishwa ndani ili pedi mpya ziingie; apampu akiwa amesimama, kabla gari halijasogea hata mita moja, mpaka zikae. Nimesema *akiwa amesimama*. Gari linalorudi nyuma kutoka gereji kabla halijapampiwa limewahi kuingia kwenye meza ya mama ntilie mbele ya macho yangu. Ikiwa baada ya hapo bado ni laini, angalia kama pedi zimekaa sawa, kama pini za kalipa zinateleza, kama diski imepinda na kuzisukuma pistoni nyuma, kama paipu za mpira zimezeeka na kuvimba ukikanyaga.

Oili yenyewe ina maneno mengi, nitayafupisha. Inanyonya unyevu kutoka hewani, ndiyo tabia yake. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Ukiteremka Kitonga na mguu kwenye breki, kalipa zinapata moto, maji yaliyomo kwenye oili yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa vilevile kama upepo. Ndiyo maana gari linaweza kutoka Iringa na pedeli nzuri kabisa, na katikati ya mlima pedeli ikaenda chini. Ukilivuta likapoa, kesho yake pedeli imerudi, mkaguzi anakanyaga, anaandika breki ni nzima. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa ikakaa kwenye shelfu tangu msimu wa mvua si ya kumwekea mtu. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganyika. DOT 5, ile ya silikoni, usiichanganye na hizo. Na yule anayeongezea oili ya stelingi au ya gia boksi kwa sababu "zote ni hydroliki", huyo raba zake zote zitavimba kuanzia masta hadi matairini, na hakuna kuosha: zinabadilishwa zote. Nimeshapokea magari ya namna hiyo, na bili yake haipendezi.

Sasa ile kauli, "itakaza yenyewe ukitembea". Nataka kuwa mkweli juu yake kwa sababu ina punje ya ukweli, na ndiyo maana inaaminika. Pedi mpya zikikutana na diski zinahitaji kusuguana kwa muda, ukishika breki taratibu, ndipo zishike vizuri. Hapo gari linasimama vizuri zaidi kadiri siku zinavyokwenda. Kinachobadilika ni kushika. Kimo cha pedeli hakikui kwa kutembea. Upepo ulioachwa kwenye kalipa leo upo kesho, na mwendo unautikisa kuwa mapovu mengi zaidi. Fundi anayesema litakaza lenyewe amechoka, au jua limezama, au hajui. Yote matatu ni sababu za gari kulala gereji.

Mteja naye asijifiche nyuma yangu. Anakuja saa kumi jioni, safari ni alfajiri, anataka kalipa mbili na shuu za nyuma "fastafasta". Anapunguza bei ya ufundi, anakataa kununua chupa ya pili ya oili, anamkataza fundi kulijaribu gari barabarani kwa sababu ya mafuta. Nimeshafukuza watu wa namna hiyo na sijutii. Huko Kitonga pia wapo wanaoachia firii, gia ikiwa huru, ili kubana petroli, au wanazima injini kabisa. Madereva wa zamani walikuwa na msemo kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia, na otomatiki ina herufi L au namba 2 kwa kazi hiyo. Ukizima injini, busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, inabaki na pumzi ya mikanyago michache tu, halafu pedeli inakuwa ngumu na gari halisimami kirahisi. Huo si ubovu wa breki hata kidogo, lakini gazetini utausoma vilevile.

Kwa anayekwenda kulichukua gari kutoka matengenezo ya breki, afanye hivi mwenyewe, asimwachie mtu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu. Ibaki chini ya mguu wako, washa injini. Itashuka kidogo halafu itasimama. Hiyo ni busta, iko hai, usiogope. Endelea kushikilia kwa nguvu ya kawaida kwa nusu dakika. Ikiendelea kuzama, zima, rudisha funguo. Ikidunda kama mpira, zima, rudisha funguo. Angalia chini ya kila tairi kama pana unyevu. Chungulia nipeli. Ndipo utembee uani polepole ukikanyaga, na baadaye barabarani pasipo na watu. Fundi akikasirika, ujue umefika pazuri pa kumwuliza maswali zaidi.

Kwako Mhariri, ombi langu ni dogo. Waandishi wako wanapofika eneo la ajali, au wanapompigia kamanda wa polisi mkoa, waongeze swali moja baada ya "breki zilifeli": mara ya mwisho zilifunguliwa lini, na nini kilibadilishwa? Wakaguzi wa magari nao wangeandika hilo kwenye taarifa zao, wakafungua kopo la oili wakaangalia rangi, wakatazama nipeli. Leo hii dereva aliyekufa anabeba lawama zote kwa mwendokasi, au muuza spea anabebeshwa, na gereji iliyofunga kalipa kinyume inaendelea kufunga nyingine.

Kwa upande wangu, kila gari ninalolifungua breki linaondoka na karatasi. Naandika tarehe, kilometa, nilichofungua, spea nilizoweka na zilikotoka, aina ya oili, na kama nililijaribu barabarani. Nabaki na nakala kwenye daftari. Namwambia mwenye gari aiweke pamoja na kadi ya bima, ili gari hilo likianguka popote kati ya hapa na Dar, askari aipate na ajue amtafute nani.

Fundi wa breki,
Ilula, Iringa